Mashine ya Kupepewa

Ilipobaki kidogo tu imalize, kompyuta ikazimika tena. Byamungu akashika kichwa. Marlène, aliyekuwa akiipepea kwa mfuniko wa sufuria, akaupumzisha mkono.

"Imekufa?"

"Hapana. Umeme njo imekatika."

Umeme wenyewe ulitoka kwenye sola ya kanisa, na kanisa lilikuwa la Mchungaji Balagizi, baba yake Marlène, aliyefiwa na mkewe miaka mingi iliyopita. Mwaka ule wa 2018 hapakuwa na sola nyingine karibu iliyoweza kubeba kompyuta kutwa nzima.

Kampuni moja ya Lilongwe, katika mtaa wa Nsungwi, ilitaka programu ya kutambua ugonjwa wa mahindi kwa picha za majani. Mfumo wa kufundishia mashine uliotumika ulikosa hesabu moja tu, na Byamungu akaiandika mwenyewe. Kuandika hakukumtesa. Balaa ilikuwa kuiunganisha na mfumo huo, maana kompyuta yake kuukuu iliukataa mfumo uliokuja tayari, ikabidi aujenge wote upya humo humo, faili baada ya faili, kazi ya kutwa nzima. Betri ilikuwa imekufa zamani. Ukikatika umeme, faili zinaharibika na anaanza mwanzo. Isipopepewa, inachemka na kujizima yenyewe.

Na bila kazi ya Nsungwi, Balagizi alishasema, asisikie habari ya Byamungu kumposa Marlène.

Ila binti wa mchungaji hawezi kukaa chumbani na kijana bila mtu mzima. Byamungu, akijiona mjanja, akamleta Mama Thacienne, mdogo wa marehemu mama yake. Huyu ndiye aliyemlea tangu kwao Bukavu, kabla hawajahamia huku karibu na Lilongwe, naye Byamungu akamwita mama na hakumjua mama mwingine. Alikuwa mjane mpole wa cherehani, asiye na neno na mtu.

Balagizi hakuridhika. "Mi pia ntakuwa nakuya kukaa hapa," alisema. "Batoto ba sasa, huwezi kubaamini."

Akaja kweli, kila siku, na kiti chake. Byamungu hakuthubutu hata kumtazama Marlène usoni. Baada ya muda mchungaji akaanza kuja na tai, kisha na sukari. Mama Thacienne naye akawa anapika chai ya maziwa na kuvaa kitenge cha sikukuu. Byamungu alimshukuru Mungu kwa mama anayejua kumlainisha mkwe.

Tatizo lilikuwa umeme. Kila kazi ilipokaribia mwisho, Balagizi alitoka kwenda kuangalia sola, na hapo hapo giza likaingia kwenye kioo.

"Tutaanza tena kesho," alisema akirudi, huku akinyoosha kikombe aongezewe. "Haraka haraka haina baraka, kijana."

Kanisa zima likafunga kuiombea kompyuta. Norbert, mzee wa kanisa, akaiwekea mikono na kuungua kiganja. Haikusaidia.

Alasiri moja Balagizi aliingia akiimba. Hakutoka kwenda kuangalia chochote. Kompyuta ikaunguruma mpaka mstari wa mwisho, na Byamungu akaipa picha ya jani la mhindi lenye mabaka. Ikasema: mgonjwa. Akalia mbele ya watu bila aibu. Marlène akacheka mpaka mfuniko ukamdondoka.

"Wende Lilongwe ubaonyeshe," alisema mchungaji. "Siku ya Mungu kutakuwa tangazo ya ndoa mu kanisa. Vaa muzuri."

"Aksanti sana, Pasta."

"Mi njo wa kukushukuru."

Unyenyekevu huo ulimgusa Byamungu sana. Akaenda kuwaonyesha, na watu wa Nsungwi wakamwajiri siku ile ile. Jumapili akaazima koti, akakaa benchi la mbele ubavuni kwa Marlène, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyewakemea.

Norbert akasimama. "Bandugu, tunatangaza ndoa ya Pasta wetu Balagizi na Mama Thacienne."

Vigelegele vikapaa. Mchungaji akashuka madhabahuni, akauchukua mkono wa Byamungu, akauweka juu ya mkono wa Marlène.

"Mwana wangu," akasema machozi yakimlengalenga, "salimia dada yako."