Baba Mkwe Njiani

Nilikuwa nawaongoza wageni kupanda Mlima Rungwe nilipomwona baba mkwe wangu akishuka na mzigo wa mianzi.

“Subilaga, toka njiani, mzee anapita,” alisema mume wangu, aliyebeba mabegi ya wageni nyuma yetu.

Kwetu mke haonani wala hazungumzi na baba mkwe wake, na anayekimbia ni mke. Mwaka jana nilimkimbia mzee huyu palepale, nikatumbukia korongoni. Alipita bila kugeuka. Kiwiko changu cha kushoto hakijanyooka mpaka leo, na ukoo mzima ulimsifu mzee kwa adabu yake.

“Leo sitoki,” nilisema.

Nikasimama katikati ya njia, nikamkazia macho. Mzee akajifunika uso kwa kofia, akakanyaga pembeni kunikwepa, akateleza kwenye tope. Mianzi ilitangulia korongoni. Yeye alinasa kwenye mizizi, chini kidogo ya ukingo.

“Kamba,” mume wangu alifoka. “Mtupie kamba.”

Kamba ilikuwa begani kwangu. Niliifungua taratibu, kiwiko kikiniuma.

“Naitupa,” nilisema. “Ila aniombe mwenyewe, kwa jina langu.”