Mshipi wa Katikati

"Huu wa kushoto siuoni kabisa," alisema mke. Alikuwa ameinamia chupa ya kioo dirishani, mikono nyuma ili asiyatikise maji. "Kesho nenda na huo."

Mumewe alikuna kidevu. Mshipi wa kuvulia wa upande wa kushoto ulikuwa wa njano, tena njano ya ganda la ndizi mbivu. "Mbona mimi nauona?"

"Wewe umeutundika mwenyewe, unajua uliko. Samaki hajui."

Kanuni hiyo aliitunga yeye mwenyewe. Samaki wa bwawa alimozoea kuvua, wale wenye mdomo mpana, huwinda kwa macho. Wakiuona mshipi hawagusi chambo hata ukiwabembeleza. Na maji yenyewe hayatulii na rangi moja: leo ya kijani, kesho kama chai. Kwa hiyo kila jioni alirudi na kidumu cha maji ya bwawa, akayamimina kwenye chupa, akatundika mishipi mitatu ya rangi mbalimbali, kisha akamwita mkewe. Aliyetundika hahukumu. Mshipi ambao mke hakuuona ndio uliokwenda kazini kesho yake.

Na nani angembishia? Mke alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na moja, mtu wa kupitisha uzi mweusi kwenye sindano huku akiendelea kupiga soga. Mume alimwita Fundi hata mbele ya wageni. Kwa jicho hilo alikuwa amevua samaki wa kujivunia miaka minne mfululizo.

Sasa wiki ya nane ilikuwa inakwisha na hajavua kitu. Bwawa lilikuwa na nafasi ishirini tu za wavuvi, na sheria yake haikuwa na huruma: ukikaa miezi miwili bila kupeleka samaki kwenye mzani wa mlinzi, nafasi yako anapewa mwingine. Kesho ilikuwa siku ya mwisho. Tangu kiwanda kifungwe na yeye arudishwe nyumbani na nguvu zake zote, bwawa ndilo pekee lililomwamsha asubuhi. Aliogopa kulikosa, na hakuona aibu kuogopa.

"Na nikikosa?" aliuliza.

"Utakaa nyumbani na mimi. Hilo bwawa lako limekuwa mke mwenzangu."

Alicheka, ingawa hakupenda alivyolisema.

Asubuhi alimwaga maji ya jana, akaisuuza chupa na kuirudisha dirishani. Fundi alimmiminia chai, kidole amekikunja ndani ya ukingo wa kikombe, akaacha kumimina ilipomgusa.

"Siku hizi unanipimia chai kama dawa."

"Nikikuachia wewe utamaliza birika."

Cherehani ilikuwa pembeni, imefunikwa kitambaa tangu mwanzo wa mwaka. Hamu imeniisha, Fundi alikuwa amesema, na mume hakuuliza zaidi. Mtu mzima ana haki ya kuchoka.

Bwawani jirani yake alikuwa Dereva, mzee aliyestaafu malori na kubaki na domo. Mpaka saa sita Dereva alikuwa ameshavua wawili.

"Ndugu yangu, huo mshipi wako nauona mimi nikiwa huku," alisema. "Itakuwa samaki?"

"Kauchagua Fundi."

Dereva alicheka, kisha akaacha kucheka. "Sikiliza, nisije nikaitwa mchonganishi. Huyo mama hataki uje huku. Leo njano, wiki iliyopita nyekundu! Halafu juzi sokoni nimempungia mkono, kanipita kama hanijui. Mtu hamkwepi rafiki wa mumewe bure bure."

Maneno hayo yalimchoma. Neno la jana likamrudia: mke mwenzangu. Akakaa akiutazama ule mshipi wa njano umekata maji, unaonekana wazi mpaka chini, na hakuna kitu kilichouvuta.

Saa kumi mlinzi alifika, akatazama ndoo tupu, akalifuta jina lake kwenye ubao wa getini. "Pole sana, mzee," alisema, na alimaanisha.

Mishipi yake yote alimpa Dereva. Kidumu alikiacha ukingoni.

Njia nzima alipanga maneno. Angemwambia kwamba kama alitaka akae nyumbani angesema tu, hakukuwa na haja ya kumdhalilisha mbele ya watu. Angemwambia kikulacho ki nguoni mwako. Lakini alipofika alijitupa kwenye kiti kando ya dirisha, viatu vya matope miguuni, akakohoa tu.

Fundi alimsikia, akatoka jikoni akijifuta mikono.

"Umerudi? Mbona kimya?"

Aliinama akaanza kufungua kamba za viatu.

"Basi, nimeelewa. Hukupata." Sauti yake ilijaa huruma, na huruma hiyo ikamuudhi mume kuliko matusi. Aliuona ni unafiki mtupu. "Usikate tamaa, mzee wangu. Mlinzi tutamwomba akuongeze siku moja. Ngoja."

Alipita nyuma ya kiti, akikipapasa kwa mkono, akafika dirishani. Akaiinamia chupa kama ilivyokuwa kawaida yake kila jioni, mikono nyuma, akakunja uso, akatazama kwa muda mrefu kuliko siku zote.

"Wa katikati," alisema hatimaye. "Huo umepotea kabisa. Kesho nenda nao, safari hii utapata."

Chupani hamkuwa na mshipi hata mmoja. Hamkuwa na hata maji.