Wufa za Marehemu

“Nilikwambia ubadili sponji za pembeni tu, wufa zenyewe zinazopiga besi usiziguse!” Bi Mwanahija alifoka mlangoni kwa jirani yake, Shebe fundi wa spika.

“Zilikuwa zimeoza, bibi. Nimezitupa, nikakuwekea mpya.”

Ndani, wageni wa posa walikuwa wakicheza. Bi Mwanahija akachungulia. Kwenye spika za Shebe zilikuwa zikinguruma wufa zilezile za marehemu mumewe, moja ikiwa na ufa ambao Bi Mwanahija aliuziba kwa mkono wake kwa gundi na kipande cha kanga nyekundu.

“Si zile pale!”

“Kanga nyekundu ipo kila nyumba, shoga,” mke wa Shebe alicheka, na wageni wakacheka naye. Shebe akaongeza sauti ya muziki. Mkewe akamshika Bi Mwanahija mkono.

“Ingia ule, biriani inapoa. Nafasi ipo palepale karibu na spika.”