Mke wa Mchezaji Bora

Mimi ndiye mke wa Mchezaji Bora wa Ligi, na asiyelijua hilo hapa Tanga, basi kaingia mjini leo.

Kila anayeshinda tuzo hutolewa kichwani kumbukumbu za msimu wake wote, zikahifadhiwa kwenye Jumba la Ligi. Unavaa kofia yenye kumbukumbu hizo, unafunga mabao yake kana kwamba wewe ndiye yeye. Washindi wote tangu zamani wamo humo. Mshindi mwenyewe habaki na kitu, na hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Hamduni alinijua na kunioa katikati ya msimu uleule aliotwaa tuzo.

Nimeivaa kofia yake. Baada ya bao la ubingwa alinitafuta jukwaani, nikajiona kwa macho yake. Sijawahi kuwa mzuri hivyo! Nilitoka nikiwatangazia watu kwenye foleni, "Huyo mwenye kanga ya njano ni mimi!"

Nyumbani, Hamduni aliniuliza kwa adabu, "Samahani dada, sukari mnaweka wapi?"

Nikaanza upya, taratibu. Nilimsimulia mabao yake, naye akayashangilia kama ya mtu mwingine. Jana, kwa mara ya kwanza, aliniita mke wangu bila kuitazama kwanza picha ya harusi ukutani.

Leo redio imetaja wanaowania tuzo ya msimu huu. Jina la kwanza ni lake. Nimepiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje, huku nimemshika mkono.

"Mbona unaniumiza, mke wangu?" akauliza, akicheka.