Mawese ya Utosi

Naomie alichovya kidole katika mawese ampake mwanawe utosini. Kidole kilikuta mfupa mgumu.

Risasi zilipolia alikuwa sokoni Sange, akakimbilia ng'ambo ya mto Ruzizi. Mtoto wa mwezi mmoja akabaki kwa jirani, bibi kizee. Leo, baada ya miezi minne, Naomie amerudishiwa mtoto. Utosi wa umri huo bado huwa laini, hupwita; hufunga mtoto akishaanza kutembea. Njaa humkondesha mtoto, aliwaza, lakini njaa haifungi mfupa.

"Bibi, mbona kichwa iko nguvu hivi?"

Bibi aligeukia mihogo aliyoanika. "Weye mupake tu. Na huyu pia alikuwa anangoya mama."

Mtoto alimshika Naomie kidole gumba, akacheka. Naomie akamimina mawese mengine kiganjani, akaendelea kupaka, kidole kikitafuta palipo laini.