Gari Linapotafuta Kwako

"Kwenu hasa ni wapi?" Bi Mwanaheri, jirani yangu wa Pongwe, aliwahi kuniuliza. Nilicheka, maana tulikuwa tumekaa barazani kwangu.

Siku hizi magari hayana dereva. Unapanda, unasema "nyumbani", nalo linatafuta kwako. Kila aina ina njia yake ya kutafuta, ila yote yamefundishwa jambo moja: mwanamke asiye na nyumba kwa jina lake kwake ni kwa mume, na mume akifa, ni kwa mtoto wa kwanza. Nilipomaliza eda, jina la marehemu mume wangu likafutwa. Gari likanitoa sokoni likanishusha mjini, kwa mwanangu Hatibu. Nikapanda la aina nyingine, nikalitajia Pongwe. Likasema Pongwe sina mtu, likanirudisha palepale.

Hatibu ndiye mwandishi wa maagizo hayo.

"Si kosa, mama," alisema, akinimiminia chai. "Gari haliwezi kukosa jibu."

"Mimi uliniuliza?"

"Watu ni wengi, ningemuuliza nani? Kwani hapa si kwako?"

"Hapa ni kwako, mwanangu. Kule nina kuku, na kaburi la baba yako nalisomea Yasini kila Alhamisi. Libadilishe."

"Nikibadilisha lako, nitabadilisha la kila mjane."

"Basi badilisha."

Akaniongezea chai. Nikakunja mswala wangu, nikavaa kandambili. Nje gari lilifungua mlango lenyewe. Nikalipita, nikashika barabara ya Pongwe kwa miguu.