Shavu Moja

Haya nilihadithiwa na Tatu mwenyewe, mke wa Shaweji fundi magodoro, juzi tukichambua mchele.

Dereva aliuawa kwenye barabara kuu, na wauaji wawili, mmoja mwenye ndevu, wakatoroka. Basi watu wa mitandaoni wakajifanya wapelelezi. Mmoja akarusha picha ya Shaweji aliyopigwa harusini, akaandika: "Ndevu ni zile zile. Ndiye huyu." Kufika adhuhuri vijana walikuwa wamejaa nje ya nyumba, wanamsubiri atoke.

Shaweji akachukua wembe na kioo. Alishamaliza shavu la kushoto Tatu alipoingia mbio na simu mkononi.

"Baba Zuhra, acha! Wanaandika kwamba muuaji lazima ameshanyoa!"

"Sasa niwe na sura gani?"

"Sijui, mume wangu. Ukiwa nazo ni wewe, usipokuwa nazo ni wewe."

"Twende polisi."

"Kwa mlango upi?"

"Basi waandikie siku ile nilikuwa hapa, nashona godoro la mama yako."

"Nimeshawaandikia." Tatu akaketi sakafuni. "Wamejibu kwamba yule wa pili ni mimi."

Shaweji akaweka wembe chini. Wakasukuma kabati hadi mlangoni, wakajilaza nyuma yake, joto limewabana. Nje mtu akapiga hodi, kwa adabu kabisa. Hawakuitika. Akapiga tena, akanyamaza.

Kwa uchovu wa hofu Shaweji akapitiwa na usingizi. Tatu naye akalala, kiganja chake kikifunika lile shavu lililonyolewa.